Mwenzi si askari wa sukari

Sisi tunaolala kando ya mgonjwa wa kisukari tumesahaulika. Mume wangu ana kisukari aina ya kwanza. Tunaishi Kacyiru, Kigali. Kinachomchosha kuliko sindano ni watu kumhesabia matonge. Shangazi zake hadi leo humwambia, "Ulizidisha peremende utotoni." Si kweli. Ni kinga ya mwili wake yenyewe iliyoshambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakuna wa kulaumiwa.

Msaada wa kweli ni wa vitendo. Zile Jumapili zisizo na magari, zilizoanza Kigali mwaka 2016, tunakimbia pamoja, na vilima vya huku havina huruma. Mkobani nabeba kipimo na juisi. Nikiona kijasho chembamba kinamtoka, mikono inatetemeka na amekuwa mkali bila sababu, sibishani naye: anapima, sukari ikiwa imeshuka anakunywa nusu glasi ya juisi, tunasubiri dakika 15, anapima tena. Akizimia, usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Nyumbani, insulini ya akiba hukaa katikati ya friji, mbali na barafu, kwani ikishaganda haifai tena. Na kabla sijatia neno kuhusu sahani yake, namwuliza, "Nikusaidieje leo?" Kuna siku hujibu, "Niache nile tu." Basi namwacha, dozi yake anaijua yeye kuliko mimi.

Wenzangu wenye waume au wake wa namna hii, usiku sukari ikishuka mnafanyaje?