Vidonge vya Damu: Mbona Vinaachwa Njiani?



Ndugu msomaji, ukipita asubuhi katika vituo vya afya vya Manzese, Mabibo, Kimara au Mbezi, utawakuta kina mama wajawazito wamekaa kwenye mabenchi, kadi za kliniki mkononi. Wengi wao huondoka na vidonge ambavyo mitaani tunaviita vidonge vya damu. Ndani yake mna madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Jambo la kujiuliza ni hili: vingapi kati ya vidonge hivyo humezwa, na vingapi hubaki kabatini?

Suala hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ni asilimia 59. Mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu iwapo kipimo chake kiko chini ya gramu 11 kwa desilita. Hatari yake kubwa huonekana siku ya kujifungua. Damu ambayo mama mwenye afya anaweza kuipoteza akastahimili, kwa mwenye upungufu mkubwa yaweza kumtoa uhai.

Dalili zake ni uchovu usioisha, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kuhema kwa kazi ndogo. Wengine hupata hamu ya kula udongo au barafu. Hamu hiyo tusiifanyie mzaha, kwani huenda ikawa ndiyo dalili yenyewe. Na udongo nao huzuia chuma kufyonzwa tumboni.

Kwa nini basi vidonge huachwa? Sababu ya kwanza ni maudhi yake: kichefuchefu, choo kigumu, na choo kuwa cheusi. Weusi huo hutokana na chuma chenyewe, wala haudhuru. Kwa kichefuchefu, mama anaweza kumeza kidonge pamoja na chakula kidogo au wakati wa kulala. Akizidiwa, arudi kwa mhudumu apangiwe utaratibu mwingine, asiache kimyakimya.

Sababu ya pili ni nafuu. Baada ya wiki mbili hadi nne za tiba damu huanza kupanda, nguvu hurejea, na mgonjwa hudhani amepona. Mkazi wa Kimara anaelewa mfano huu: maji ya bomba yakirudi baada ya mgawo mrefu, kuona ndoo imejaa si sawa na kuona tangi limejaa. Mwili nao una akiba yake ya chuma. Damu ikishafika kiwango kinachotakiwa, kwa kawaida tiba huendelea kwa takriban miezi mitatu zaidi ili akiba hiyo ijae. Anayeacha mapema hurudi alikotoka.

Namna ya kumeza nayo ina uzito wake. Chai na kahawa huzuia chuma kufyonzwa, na maziwa vilevile. Kidonge kinachoteremshwa kwa kikombe cha chai ya rangi hupoteza sehemu kubwa ya faida yake. Kimezwe kwa maji, au kwa maji ya machungwa au ndimu, na chai isubiri saa moja au mbili. Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga anaweza kumeza baada ya futari au kabla ya daku, mbali na chai. Na mjamzito au mnyonyeshaji anayehofia nafsi yake au mtoto wake, sheria imempa ruhusa ya kula. Amuulize daktari na sheikh wake.

Wengi hutegemea juisi ya rozela na soda nyekundu. Rangi nyekundu si damu. Juisi hiyo ni kinywaji kizuri, lakini haizibi pengo la mtu ambaye damu yake imeshashuka. Chakula chenye chuma kinachofyonzwa kwa urahisi ni maini, nyama, samaki na dagaa. Maharage, kunde, mchicha na matembele vinasaidia, hasa vikiliwa pamoja na tunda chachu kama chungwa au embe. Hapa akina baba wana sehemu yao. Fungu la dagaa na machungwa kutoka soko la Mabibo ni matunzo ya mke sawa na kodi ya nyumba.

Aidha, chanzo kitafutwe. Minyoo, malaria, hedhi nzito na uzazi wa karibukaribu hupunguza damu. Mwenye selimundu ana upungufu wa aina nyingine, naye asijipe vidonge vya chuma bila vipimo. Mwanamume mwenye upungufu achunguzwe kama anavuja damu tumboni.

La mwisho ni kuhusu watoto. Kisiwani Pemba ulifanyika utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo chuma na asidi ya foliki. Mwaka 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa, kwani katika mazingira yenye malaria nyingi waliopewa walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Hata hivyo, waliokuwa na upungufu wa kweli na wakafuatiliwa kwa karibu walinufaika. Basi mtoto apimwe kwanza, atibiwe malaria akiwa nayo, ndipo apewe dawa kwa kipimo chake. Asigawiwe vidonge vya mama, na vidonge hivyo viwekwe mbali naye, kwani akivila vingi vinaweza kumuua.

Kujitibu hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Tunamuomba awajaalie mama zetu uzazi wa salama na watoto wetu siha njema. Aamin.