Sensa Iliyofundishwa Kudanganya

Tangu itolewe rasimu ya kanuni za mwaka 2025, inayotaka hata magari ya binafsi yaliyozidi miaka 4 tangu kuundwa yakakaguliwe, wenye Subaru za zamani hawajanyamaza. Kutoka Migori hadi Homa Bay hoja ni moja: gari ni langu, nikiichezea sensa ya ekzosi uani kwangu Jumapili, serikali inahusika nini? Inahusika, tena imechelewa.

Najua masega mapya ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, ni ghali. Najua mtu wa Mbita au Muhuru Bay atapoteza siku nzima akifuata ukaguzi, na kwamba wapo wakaguzi wanaotazama mfuko kabla ya gari. Hayo yarekebishwe.

Lakini tuseme kinachofanyika huko uani. Masega hayo yana platinamu, paladiamu na rodiamu, kwa hiyo yana soko. Yaking'olewa, sensa ya oksijeni iliyo nyuma yake inakutana na moshi usiosafishwa: volteji inapanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 badala ya kutulia, kompyuta ya gari inaandika msimbo wa hitilafu P0420, taa ya injini inawaka. Basi fundi anakata waya wa sensa, anachomelea rezista na kapasita, volteji inatulia na taa inazimika. Moshi ni uleule, na anayeuvuta ni mama muuza ndizi stendi ya Migori.

Mimi niliuziwa gari la namna hiyo Homa Bay, Subaru ya turbo, dashibodi haina taa hata moja. Wiki ya tatu, nikipanda kutoka Rongo kwenda Kisii, moshi wa buluu ukajaa kwenye kioo cha nyuma. Fundi mmoja Migori aliliinua, akaufuata waya wa sensa kwa kidole mpaka akagusa uvimbe uliozungushiwa tepu nyeusi. Akaupasua kwa wembe. Ndani mlikuwa na rezista yenye pete za rangi, na kapasita ya ukubwa wa punje ya mahindi. Hakusema kitu, alinitazama tu.

Masega hayafi bure. Mara nyingi yanauawa na injini inayokula oili, ringi zimechakaa au turbo inavuja. Taa ile ilikuwa ikimweleza mwenye gari habari za ringi zake. Yeye akaiziba mdomo, akaniuzia mimi injini inayokufa kwa bei ya injini nzima.

Mnasema gari ni lenu. Litakuwa lenu hadi lini? Subaru za huku zimeshapita mikono mitatu, minne kabla ya kuvuka Awendo. Ule uvimbe wa tepu hauandikwi kwenye logibuku, lakini unahama na gari, na atakayelipia ringi ni mwalimu aliyekopa kwenye sacco. Kumwibia mwalimu huyo ndiko mnakokuita uhuru? Msituchoshe.

Kigezo cha miaka 4 peke yake hakinitoshi. Magari tunayoagiza yanaruhusiwa kufika na umri wa hadi miaka 8. Mengi yanashuka Mombasa yakiwa yameshaipita hiyo 4. Siku ya kuyakagua ni siku yanapouzwa. Leo umiliki unahamishwa kwa simu kupitia eCitizen, na hakuna anayeinama kuangalia chini. Kabla jina halijabadilishwa, gari lipandishwe juu, mkaguzi aushike waya wa sensa kwa vidole, kutoka soketi hadi ekzosi.