Hoja za kupinga mchango wa madarasa Mishamo hazisimami

Hoja hizi umezisikia mikutanoni, msomaji, na umezisikia kutoka kwa wanasiasa wanaoomba kura yako. Nimezisikiliza kwa makini. Zipime moja moja, kisha uamue.

Wanasema elimu ni bure, kwa hiyo mchango wa ujenzi hauna uhalali. Ni kweli Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na Januari 2016 utekelezaji ukaanza. Lakini tazama hesabu. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 6,000 hupelekwa shuleni, 4,000 ni za vitabu. Shule ya wanafunzi 500 hupata milioni tatu. Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, Serikali ilitenga milioni 20 kwa darasa moja. Shule hiyo ingekaa karibu miaka saba bila kununua hata chaki ili ijenge chumba kimoja. Ruzuku haikuwekwa kwa ajili ya ujenzi.

Wanamtaja Rais Magufuli, aliyekataza michango Januari 2018. Kilichomkasirisha ni watoto kufukuzwa shule kwa sababu mzazi hajalipa. Katika hilo niko pamoja nao kabisa: mtoto asiguswe. Ila kumlinda mtoto dhidi ya kufukuzwa ni jambo moja, na kumkatalia mzazi asisombe mchanga wa darasa la mwanawe ni jambo jingine.

Wanasema tunalipishwa mara mbili, kwa kuwa tumekwishalipa ushuru wa mazao. Hii ndiyo hoja yao yenye uzito. Kisheria ushuru hulipwa na mnunuzi, ingawa mkulima anajua kwamba hukatwa kwenye bei yake. Basi diwani abanwe aeleze halmashauri imetumia ushuru huo wapi. Wanaopinga hawambani, wanaishia kusema tusichange.

Halafu watu haohao wanatuonyesha Mwese na vijiji vya milima ya Ntakata: "Kule wana madarasa bila kuchangishana." Madarasa ya kule yamejengwa kwa fedha za hewa ukaa, nazo ni mali ya kijiji. Wanakijiji wa kule wangeweza kudai wagawiwe mkononi, waliamua zijenge. Huo ni mchango. Mfano wao unavunja hoja yao.

Iko hoja nyingine, nayo inaniuma zaidi: kwamba waliojenga shule za mwanzo, yaani shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa (UNHCR) na mashirika mengine, ndio wazijenge tena. Makazi ya Mishamo yalifunguliwa 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na 1985 yakakabidhiwa Serikali. Watu zaidi ya 162,000 wa makazi ya Mishamo, Katumba na Ulyankulu walikubaliwa uraia, wakaishi miaka kadhaa wakihofia kutawanywa mikoa mingine, hadi ugawaji wa vyeti ulipoanza 2014. Mwanasiasa hawezi kutuomba kura kama raia, kisha akatuambia tusubiri msaada kama wakimbizi.

Wa mwisho wanasema fedha zitaliwa. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ipo: mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, na anayeogopa wizi aingie kamati ya ujenzi. Asiyetaka kutoa fedha atoe tofali au siku ya msaragambo. Serikali hupeleka fedha za kukamilisha maboma yaliyoanzishwa na wananchi. Kijiji kisicho na boma hakina cha kukamilishiwa.