Huyu Mtoto ni wa Nani?



Ndugu wapendwa, juma hili tumeona vema tuache kidogo utaratibu wetu wa kufafanua masomo ya Dominika, tuzungumze jambo lililotuudhi, na ambalo sisi wenyewe tuna hatia ndani yake. Atakayekwazika atuwie radhi, lakini asome hadi mwisho.

Mwaka jana, wakati wa mvua, mwanamume mmoja wa kijiji kimoja cha upande huu wa Buzwagi alirudi nyumbani kumzika mama yake. Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa miongoni mwa vijana wetu waliopata kibarua mgodini enzi zile, na uzalishaji uliposimama mwaka 2021 akahamia Geita kutafuta riziki. Alikuja na begi dogo tu. Nia yake ilikuwa kumzika mama, kukaa siku saba, kugawana na ndugu gharama za msiba, kisha kurudi kazini.

Siku ya tatu, wageni walipopungua na maturubai yakaanza kufunguliwa, akamwona mtoto wa kike wa miaka kama mitatu ameketi kwenye kizingiti cha chumba cha marehemu, hataki kutoka. Akauliza ni wa nani. Wakanyamaza. Baadaye shangazi mmoja akamweleza: ni wa mdogo wako. Dada huyo alimleta akiwa bado ananyonya, akaenda machimboni kupika chakula cha wachimbaji, akapiga simu mara mbili tatu, kisha namba ikawa haipatikani. Bibi hakumwambia kijana wake lolote. Kila alipotuma fedha, kijana aliamini zimenunua mbolea. Kumbe zilinunua maziwa.

Ukoo ukakaa kikao. Mmoja akasema mtoto apelekwe Ushetu kwa bibi mwingine, ambaye naye ana zaidi ya miaka sabini na haoni vizuri. Mwingine akasema kuna vituo vya watoto yatima, ndiyo kazi yao. Wa tatu, mzee mwenye kauli, akasema asubiriwe baba yake. Asubiriwe wapi na hadi lini, hakusema. Hakuna aliyemtaja huyu fundi, kwa kuwa ni mwanamume na hana mke. Mwenyewe anakiri kwamba hakuwa na nia yoyote njema ya kutangaza. Alisema tu atakaa hadi Jumapili, kwa sababu usiku ule mtoto alilala ameshika shati lake na aliona vigumu kuliondoa. Jumapili ikapita. Geita wakamwajiri mtu mwingine. Leo anachomelea madirisha na mageti kando ya barabara, na mtoto hukaa kwenye kiti kidogo mbali na cheche, akila viazi.

Ndugu wapendwa, hadi hapo ni habari ya kupendeza, na tungeweza kuishia hapo tukasema Amina. Lakini tumesikia yanayosemwa juu ya mtoto huyu kisimani, sokoni, na hata katika jumuiya zetu ndogo ndogo baada ya kumaliza rozari. Anaitwa "mtoto wa mgodi". Wengine wananong'ona kwamba bila shaka ni wa huyo fundi mwenyewe, amezaa huko alikokuwa na sasa anamsingizia dada yake. Maana akili zetu zimefika mahali ambapo haziwezi kukubali kwamba mwanamume anaweza kumlea mtoto bila kulazimishwa na aibu yake mwenyewe.

Tuulize basi: mtoto wa mgodi ndiye mtoto wa namna gani? Je, shimo lile lilizaa? Tulio na umri tunakumbuka jinsi jina la Buzwagi lilivyovuma nchi nzima. Mkataba wake ulitiwa saini London mwezi Februari 2007, na mwezi Agosti mwaka huohuo Mheshimiwa Zitto Kabwe akasimamishwa Bungeni kwa sababu ya kuuhoji. Ikaundwa kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuchunguza sekta nzima ya madini. Mwaka 2009 uzalishaji ukaanza. Mwaka 2017 yakaja makinikia. Kamati nyingine, hesabu nyingine, mapatano mengine. Hatusemi hayo yalikuwa bure. Haki ya taifa juu ya dhahabu yake ni haki, na Kanisa lina wajibu wa kuisemea. Lakini tazameni: tumejifunza kuhesabu gramu, wakia na asilimia za mrabaha. Nani alihesabu watoto? Wakati vyumba vya kupanga vilipojaa Mwendakulima na Kahama mjini, wenye nyumba walifurahi, wenye baa walifurahi, na sisi, tuseme ukweli, tulifurahi pia, maana sadaka iliongezeka. Wanaume walipofunga mizigo yao wakaenda, hakuna kamati iliyokaa kuuliza wameacha nini nyuma yao. Walichoacha kiko migongoni mwa mabibi.

Wala tusiwasingizie wageni peke yao. Vijana wetu wenyewe wamefanya hayohayo Geita, Kakola na kila palipoitwa rashi. Huko nako kuna bibi wa watu amebeba mjukuu ambaye jina la baba yake linatamkwa kwa lafudhi ya kwetu.

Dharau hii ni ya zamani, na wakati fulani iliandikwa hata katika sheria. Hadi mwaka 2009, sheria ya nchi yetu kuhusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka ukomo wa matunzo kuwa shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia moja! Kwa miaka mingi haikutosha hata nauli ya kwenda mahakamani kuzidai. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta aibu hiyo, ikamtaka kila mzazi atunze kwa kadiri ya uwezo wake, ikaweka mbele maslahi ya mtoto, na ikafungua mlango wa malezi ya kambo kupitia maafisa ustawi wa jamii. Bunge lilibadilika. Ndimi zetu bado zinatoza ileile mia moja.

Sasa tunafika penye hatia yetu. Miezi michache baada ya msiba, fundi huyu alimleta mtoto katika ofisi ya parokia moja, ambayo hatuitaji ingawa tunaifahamu vizuri, kwa kuwa meza iliyo ndani yake ndiyo tunayoiandikia. Aliomba abatizwe. Akaulizwa: baba yuko wapi? Cheti cha ndoa cha wazazi? Barua ya jumuiya? Akaenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, naye akakataa kuandika barua kwa sababu marehemu bibi alikuwa na deni la zaka. Marehemu! Tukamwambia arudi atakapokamilisha. Hakurudi kwa miezi mitano, na hatukumfuata. Mchungaji wa kondoo mia moja angeona haya kukaa chumba kimoja nasi.

Wapo waalimu wa dini na wazee wa halmashauri ya walei watakaotujibu kwamba huo ndio utaratibu, na kwamba tukilegeza tutahalalisha uzinzi. Tunawaheshimu, lakini tunawapinga. Kanuni ya 868 ya Sheria za Kanisa haisemi mtoto asubiri baba apatikane. Inataka mambo mawili: ridhaa ya wazazi, au walau mmoja wao, au wale wanaoshika nafasi yao kihalali, na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani katoliki. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo uahirishwe, na sababu ielezwe. Hatujaona pale neno zaka. Kanuni ya 877 inaeleza namna ya kuandika kitabu cha ubatizo wakati wazazi hawajulikani, yaani Kanisa lilikwisha kuona mbele kwamba patakuwa na nafasi tupu katika ukurasa, na halikuiogopa. Papa Fransisko, alipokuwa bado Kardinali huko Buenos Aires, aliwakemea waziwazi mapadre waliowanyima ubatizo watoto wa akina mama wasioolewa. Na Januari 2014, akiwa Papa, alimbatiza katika Kikanisa cha Sistina mtoto wa wazazi ambao hawakuwa wamefunga ndoa kanisani. Kama Roma ilivumilia, sisi ni nani wa kulinda mlango kwa ukali kuliko mwenye nyumba?

Na kuhusu uzinzi: tangu lini mtu mzima akaacha dhambi kwa kuona mtoto mchanga amenyimwa maji? Aliyezaa na kukimbia hayupo hapa kuona adhabu hiyo. Anayeiona ni aliyebaki. Tumekuwa tukimpiga aliyekaa kwa fimbo ya aliyetoroka.

Tungependa mkifika nyumbani mfungue Kitabu cha Ruthu. Kina sura 4 tu. Hata mwenye shughuli nyingi atakimaliza kabla uji haujapoa. Tumezoea kukisoma kwenye harusi na kumsifu Ruthu. Safari hii mtazameni Naomi. Njaa ilimtoa Bethlehemu, akaenda Moabu kutafuta maisha, kama vijana wetu wanavyotoka. Akarudi amezika mume na watoto wawili, akawaambia wanawake wa mjini wasimwite tena kwa jina lake, wamwite Mara, yaani mwenye uchungu. Hakurudi kulea mtu. Alirudi kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Na mwisho wa kitabu tunamkuta ameketi na mtoto mapajani, naye ni mlezi wake.

Mtoto huyo, Obedi, hakuwa damu ya Naomi. Mama yake alikuwa Mmoabu. Baba yake, Boazi, alikuwa jamaa wa mume. Wanawake wa Bethlehemu wangeweza kukaa kisimani wakahoji ukoo. Wao walitangaza kwamba Naomi amepata mtoto, na hao majirani ndio waliompa mtoto jina. Angalieni jambo hilo, wapendwa. Jirani alitoa jina. Hakutoa jina la utani. Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa Daudi, na kila tunaposoma ukoo wa Bwana wetu katika Injili ya Mathayo tunalitamka jina lililotolewa na majirani wa mjini.

Bwana mwenyewe alilelewa na mwanamume asiyekuwa baba yake wa damu, fundi kwa kazi, ambaye naye hakuwa amepanga. Hatuhitaji kurefusha hapo.

Ila tungependa kusema neno juu ya dada aliyekwenda machimboni, maana tumesikia anavyolaaniwa. Hatujui yaliyomkuta huko. Mama yake Musa naye alimweka mwanawe katika kikapu, akamwacha kwenye matete ya mto. Aliyepita mbali angesema mama amemtupa. Dada huyu hakumwacha mtoto porini. Alimwacha kwa mama yake, mahali pekee alipopaamini. Siku atakaporudi, na tunaomba arudi, asikute wenye mawe mkononi. Fundi ametuambia jambo hilo mwenyewe: anamlea mtoto wa dada yake, hajamnyang'anya. Kila jioni humfundisha mtoto kutaja jina la mama yake.

Wapo pia waliotenda vema, na si haki kuwanyamazia. Akina mama watatu wa WAWATA walikwenda kwake bila kutumwa na mtu. Mmoja alimwonyesha namna ya kusuka nywele za mtoto bila kumliza. Anasema mikono inayoshika chuma hujifunza polepole. Mwingine alimsindikiza kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa ustawi wa jamii ili malezi hayo yatambulike kisheria, na akamsaidia kupata cheti cha kuzaliwa chini ya mpango wa RITA wa watoto walio chini ya miaka mitano, ambacho hutolewa bila malipo. Wa tatu humkalia mtoto siku za mnada. Upande wa wanaume, hadi tunapoandika, hatujamwona hata mmoja. UWAKA mtusamehe, au mtukanushe kwa vitendo.

Mwezi uliopita tulikwenda nyumbani kwa fundi huyu, tukaketi kwenye lile benchi lake la mbao, tukamwomba radhi. Alitusikiliza akiwa ameinama, akiparua kutu kwenye nondo. Kisha akauliza swali moja tu: kama mtoto atatakiwa kuvaa gauni jeupe, maana alikuwa ameshaanza kuweka akiba.

Atabatizwa Jumamosi ya wiki ijayo, misa ya saa nne asubuhi, pamoja na wengine saba ambao tumegundua kwamba nao walirudishwa mlangoni kwa sababu za namna hiyohiyo. Mahali pa jina la baba patabaki wazi. Msimamizi wake ni yule mama aliyemfundisha mjomba kusuka. Deni la zaka la marehemu bibi tumelifuta katika daftari la jumuiya, na mwenyekiti amejulishwa. Mlio na mtoto mliyemkuta nyumbani, awe wa dada, wa kaka, au wa mtu msiyemjua, ofisi iko wazi Jumanne na Alhamisi asubuhi. Njooni na kadi ya kliniki. Kama haipo, njooni na mtoto.