Filamu bubu za Kongo ziko Brussels: kwa nini Bagira isidai nakala?

Kila mara mazungumzo ya kurudisha mali ya Kongo yanapofunguliwa Ubelgiji, orodha ni ile ile: maski, sanamu, mifupa ya watu. Juni 2022 jino la Patrice Lumumba lilirudi, na mwezi huohuo Mfalme Philippe alileta Kinshasa maski ya Kakuungu ya Wasuku, tena kwa mkopo. Kuhusu filamu karibu hakuna anayeuliza. Na filamu ni mali ambayo Mbelgiji anaweza kuitoa bila rafu yake kubaki tupu.

Tuanze na Wajerumani, majirani wetu wa zamani: hadi 1916 ng'ambo ya Ruzizi ilikuwa koloni lao. Miaka ya 1920 walitengeneza filamu bubu zinazotazamwa hadi leo. "Metropolis" ya Fritz Lang ilionyeshwa Berlin mara ya kwanza Januari 1927, kisha wafanyabiashara wakaikata kwa sababu ilikuwa ndefu mno. Zaidi ya robo yake ikahesabiwa kuwa imepotea kabisa. Mwaka 2008 nakala iliyokaribia kuwa kamili ikaonekana katika makumbusho ya sinema ya Buenos Aires, Argentina, kwenye utepe mwembamba wa milimita 16 uliojaa mikwaruzo. Wataalamu wakasafisha, wakaunganisha vipande, na mwaka 2010 ikaonyeshwa tena Berlin. Baadaye ikauzwa kwenye diski, mtu akaitazama nyumbani kwake. "Nosferatu" ya Murnau, ya 1922, iliponea chupuchupu: mahakama iliamuru nakala zake ziharibiwe kwa kuwa iliiga kitabu cha Dracula bila ruhusa ya mjane wa mwandishi. Ziliizuia isife nakala ambazo hazikufikiwa na amri hiyo.

Kwa hiyo siungani na wale wanaosema Wabelgiji wameiba filamu zetu kwa kuziweka kwao. Tangu Februari 2025, AFC/M23 ilipoingia Bukavu, tumeona jinsi siku chache za uporaji zinavyoweza kumaliza karatasi za ofisi nzima. Utepe wa zamani unahitaji chumba cha baridi saa zote, na sisi umeme wa SNEL tunaujua. Kuweka si kosa. Shida ni kwamba nakala hairudi.

Na filamu zenyewe zipo. Ernest Genval alizunguka Kongo miaka ya 1920 na kamera yake, akatoa "Le Congo qui s'éveille" mwaka 1927, mwaka ule ule wa "Metropolis". Ilikuwa sinema ya kusifu kazi ya ukoloni, hilo halina ubishi, lakini nyuma ya sifa hizo kuna barabara, migodi, masoko na sura za watu. Mwaka 2010, Kongo ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, Cinematek ya Brussels ilitoa DVD inayoitwa "Belgisch Congo Belge", yenye kazi za Genval, André Cauvin na Gérard De Boe. Ilitengenezwa kwa ajili ya duka la Ulaya, si kibanda cha video cha Bagira. Kuna pia za wamisionere. Kule Luluabourg, Kananga ya leo, padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili. Hapa Bukavu Mapadri Weupe walikuwa na Africa Films ya padri Roger De Vloo. Wakati huo, kwa amri ya 1945, Mwafrika hakuruhusiwa kuona sinema isipokuwa ile iliyopitishwa na kamati ya wakoloni. Watu walipigwa picha bila kuwa na haki ya kuchagua watazame nini.

Sheria ya Ubelgiji ya Julai 2022 juu ya kurudisha mali ya kikoloni haitusaidii sana. Inahusu vitu, na imeacha pembeni mabaki ya binadamu pamoja na archives. Anayeshika filamu atasema hizo ni archives, na mlango unafungwa. Lakini mlango huo hufunguka pale mtu anapotaka. Mwaka 2021 Rwanda ilipewa na makumbusho ya Tervuren nakala za kidijitali za nyimbo zaidi ya 4,000. Julai 2025 kampuni ya Marekani KoBold Metals ilikubaliana na Kinshasa juu ya kuweka kidijitali ramani na nyaraka za madini, zikiwemo zile za Tervuren. Kwa madini kila mtu ana haraka.

Kuna jambo la haki za mwandishi ambalo ma-avoka wetu wangelitazama. Ulaya, filamu inalindwa hadi miaka 70 baada ya kifo cha waliyoitunga. Genval alikufa mwaka 1945 katika kambi ya Dachau. Picha zake bubu, basi, zimekwisha kutoka katika ulinzi huo. Kinachoweza kulindwa bado ni muziki mpya unaowekwa juu ya picha wakati wa kutengeneza diski. Hii ni nafasi kwetu: tuombe picha tupu, sauti tutaweka sisi. Kwa Kiswahili, kwa Mashi, hata kwa mtindo wa DJ Afro wa Kenya anayesimulia sinema za watu wengine mpaka zinakuwa zake.

Na kwa nini Bagira? Kwa sababu komine hii ni mtoto wa wakati ule. Nyumba zake za kwanza zilijengwa miaka ya 1950 na Office des Cités Africaines, ile iliyojenga Matete kule Kinshasa na Ngagara kule Bujumbura. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1955 leo amepita 80. Filamu za kikoloni zinataja majina ya wakurugenzi na mapadri. Mwafrika anaitwa "mfanyakazi", "mama wa kijijini", basi. Wakaaji wazee ndio wanaoweza kusema huyu ni nani, kilima hiki ni kipi, shamba hili lilikuwa la ukoo gani kabla ya mzungu. Katika jimbo ambalo kesi za mashamba hazikauki, jibu la swali hilo la mwisho lina uzito wake. Utepe wa Brussels unaweza kungoja miaka 50 mingine. Wazee hawawezi.

Wapo watakaosema: benki zimefungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu umefungwa, nani ana akili ya sinema za zamani? Nawaelewa. Lakini nakala ya kidijitali haihitaji ndege, na kuiomba kunahitaji barua tu. Komine haiwezi kuiandika barua hiyo leo, maana Ubelgiji haiutambui utawala uliopo Bukavu. Chuo kinaweza. ISP na UOB bado zina walimu wa kuandika ukurasa mmoja kwa Cinematek, na mwingine kwa KADOC ya Leuven inayohifadhi filamu za wamisionere: orodha ya filamu zilizopigwa Kivu, picha bila muziki, ruhusa ya kuzionyesha bure, na nakala mbili, moja ikae Bukavu na nyingine nje ya mji.