Jiko Lisilowaka Vyema: Tazama Hewa Inapitia Wapi

Sisi wa mijini, tukishazoea gesi na stovu ya mafuta taa, huukumbuka moshi wa kuni mwezi wa Desemba tu, tunapokwenda mashambani kuwaona wazee. Miaka mitatu iliyopita, mimi na ndugu zangu tulichanga pesa tukamjengea mama, huko Kinangop, jiko la kuni la matofali lenye bomba la kutolea moshi. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua na macho yalikuwa mekundu kila siku. Krismasi iliyopita nikamkuta ameinamia mafiga yake matatu, na jiko letu limegeuzwa mahali pa kuwekea sufuria.

"Hilo lenu ni la kutazamwa tu, mwanangu," akaniambia. "Haliwaki, na moshi wote unanirudia mimi."

Nilikasirika, nikataka aitwe fundi siku hiyo hiyo. Kisha nikaona ni heri nilichunguze mwenyewe kwanza.

Mpenzi msomaji, bomba la moshi halina mashine ndani yake. Hewa iliyopashwa moto huwa nyepesi, hivyo hupanda. Ikipanda, huvuta hewa nyingine kupitia mdomo wa jiko, na hiyo ndiyo inayochochea moto. Njia hiyo ikizibwa popote, chini au juu, moto hulegea na moshi hutafuta mlango wako. Ili ujue kama jiko linavuta, washa kipande cha karatasi ukisogeze kwenye mdomo wake. Mwale ukiinama kuelekea ndani, jiko linavuta. Ukisimama wima au ukikuinamia wewe, kuna kasoro.

Kwa mama, mwale ulinijia mimi. Nikafungua mlango wa jikoni, nao ukageuka kidogo kuelekea ndani. Kumbe kwa sababu ya baridi ya Kinangop alikuwa ameziba dirisha kwa gunia na kusokomeza matambara chini ya mlango! Jiko haliwezi kutoa moshi nje kama hakuna hewa inayoingia kushika nafasi yake. Tukalitoa gunia.

Majivu nayo yalikuwa yamejaa hadi kwenye tundu la hewa. Hayo tuliyazoa mara moja.

Bomba ndilo lililonichosha. Nilipanda ngazi nikaona limekatwa chini ya kilele cha paa, nadhani fundi alitaka kuokoa kipande cha bati. Upepo unaovuka paa hushuka upande wa pili na kuusukuma moshi urudi ndani. Bomba lipite kilele kwa futi 2 hivi, liwe na kofia ya kuzuia mvua isiyoubana mdomo, na lisiwe na kona nyingi. Ndani nilikuta masizi meusi yanayonata kama lami. Haya yakizidi huibana njia, na yanaweza hata kushika moto humo bombani. Jiko likiwa limepoa kabisa, yasugue kwa gunia lililofungwa kwenye mti mrefu.

Masizi ya aina hiyo huletwa na kuni mbichi. Mama alikuwa akitumia mkaratusi uliokatwa mwezi uliotangulia, tena magogo mazima. Mti uliokatwa sasa hivi waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hutumia nguvu kuyachemsha maji hayo kwanza kabla ya kuchemsha chai yako. Pasua kuni nyembamba kama kifundo cha mkono, zipange mahali penye upepo chini ya paa, uziache miezi 6 au zaidi. Zilizokauka huwa na nyufa mwishoni na hulia kwa sauti kali ukizigonganisha. Mbichi hutoa sauti ya kufa.

Asubuhi yenye baridi kali, hewa nzito hukaa bombani kama kizibo. Choma karatasi chini ya bomba kabla ya kuwasha kuni. Hata gazeti hili litafaa, ukishalisoma lote. Lakini usimwage mafuta taa juu ya makaa yanayofuka. Mvuke wake hulipuka ghafla usoni.

Jambo moja lilinitia hofu. Usiku mama alikuwa akiliingiza jiko la makaa chumbani ili apate joto, madirisha yamefungwa. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hawezi kujua inamwua. Tuliafikiana, baada ya mabishano marefu, kwamba jiko hilo lilale nje, nami nikamnunulia blanketi mbili nzito.

Bomba lilirefushwa Januari. Mafiga hajayatupa, anasema ni ya kupikia githeri wageni wakiwa wengi.