Namba ya siri haikopeshwi

Mchimbaji wa Misisi ao Lubichako anaweza kukaa juma nzima ndani ya shimo, halafu jasho lote lile likapotea kwa dakika mbili juu ya simu.

Mwaka 2025, wakati benki zilifungwa Goma na Bukavu kwa sababu ya vita, kila mtu aliona vizuri: makuta ya jamaa inapita ndani ya M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Hapa Fizi tulizoea hivyo toka zamani. Simu njo benki yetu. Lakini nani anailinda?

Mwenzetu mmoja alipokea ujumbe wa WhatsApp: umepata zawadi, bonyeza hapa. Ukurasa ulikuwa na rangi na alama ya kampuni anayoijua. Akaandika namba yake na kode ya siri. Minervale ya watoto watatu ikaenda. Alituambia kwa haya: «Lakini kufuli kalikuwa pale juu!»

Kufuli haikusema uongo. Inasema tu kwamba maneno yanasafiri yamefungwa, wa njiani hawezi kuyasoma. Ni kama barua iliyobandikwa vizuri inayotoka Baraka kwenda Uvira kwa mashua: hakuna anayeifungua ziwani, lakini kama ulimwandikia mwizi, itamfikia mwizi.

Kuna navigateur zenye ulinzi: zinakuonya mbele ya kufungua ukurasa wa wadanganyifu. Mwenye smartphone aitumie, na aifanyie mise à jour. Lakini hakuna programu inayoziba mdomo wa mtu anayetaja kode yake kwa sauti mbele ya kabine.

Kwa hiyo tunaomba wachimbaji, mama watwangaji na vijana: usifuate link uliyotumiwa, andika anwani wewe mwenyewe. Programu ya makuta usiipokee kwa rafiki kupitia Xender. Itoe Play Store. Kode usimpe mtu, hata PDG wa shimo, hata anayejiita mtumishi wa kampuni. Ukiambiwa «nimekutumia kwa makosa, nirudishie», angalia kwanza salio lako, halafu pigia kampuni. Na kama umeibiwa, sema siku ileile. Haya ya mmoja inamsaidia mwizi kupata wa pili.

Nayo makampuni yasijifiche. Yanakata makuta kwa kila mchimbaji anayetoa ao kutuma. Basi yalete watu mpaka kwenye machimbo, wafundishe kwa Kiswahili, na mahali pa kupeleka malalamiko pawe hapa Baraka. Serikali vilevile: Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 iko, lakini sheria ambayo mchimbaji hajaisikia haimlindi.

Zahabu tunaitoa kwa mikono. Tusiiache iende kwa kidole kimoja.